Masala ya Mtoto Aliyeumwa na Mbwa, na Mpaka wa Tawakali

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kuleta maradhi na dawa zake, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baad. Ijaaliwe kwamba yuko mtu wa Ruaruke, katika wilaya ya Kibiti, na kwa desturi ya vitabu vya fiqhi aitwe Zaidi, ingawa huenda akawa mtu yeyote katika vijiji vilivyo jirani na midomo ya mto Rufiji. Zaidi huyu ana mtoto wa kiume wa miaka minane. Alfajiri ya Ijumaa mtoto alikwenda shamba kuamia ndege wasile mpunga, na njiani akatokewa na mbwa asiyejulikana mwenyewe, mate yakimtoka. Mbwa hakubweka wala hakuchokozwa. Alimrukia mtoto akamwuma shavuni na mkononi, kisha akashika njia yake. Mtoto akarudi nyumbani analia, damu zamtiririka.

Mjomba wake Zaidi, mtu mzima aliyekaa Dar es Salaam miaka mingi, alikuwa barazani. Akasema, "Zaidi mwanangu, mwosheni mtoto, kisha umpakie uende naye hospitali sasa hivi. Jeraha la usoni halingoji."

Zaidi akajibu, "Mjomba, nimesikia kwamba jeraha kama hili halipigwi sindano ya chanjo peke yake. Hutiwa na maji ya damu ya farasi. Vipi nimtie mwanangu najisi mwilini? Na mbwa mwenyewe hatukujua kama ana kichaa. Aliyeandikiwa kufa atakufa, na aliyeandikiwa kupona atapona. Mimi nimemtegemea Mungu."

Mjomba akauliza, "Na mtoto ulipomtuma kuamia ndege, mpunga ule hukumtegemea Mungu?"

Zaidi akanyamaza, lakini hakuinuka.

Maneno ya Zaidi yamekusanya udhuru wa namna mbili, najisi na tawakali, na katikati yake amechomeka shaka juu ya mbwa. Kila kimoja chataka jibu lake, wala havijibiwi kwa kumcheka, kwani mtu huyu ameuliza kwa dini yake.

Kwanza yapasa kukifahamu kitu chenyewe. Mwenyezi Mungu amejaalia katika damu ya mwanadamu, na katika damu ya wanyama kama farasi na ng'ombe, walinzi wadogo mno wasioonekana kwa macho, nao matabibu wa leo huwaita kingamwili. Ugonjwa ukiingia, mwili huijua sura ya adui yule ukafanya kingamwili za kumshika yeye peke yake. Za dondakoo hazimshiki adui wa pepopunda, wala za pepopunda hazimshiki adui wa kichaa cha mbwa. Lakini kujua huko kwataka siku nyingi, na yako maradhi yasiyompa mtu siku hizo.

Chanjo ni kuuonyesha mwili sura ya adui aliyeuawa au aliyedhoofishwa, ili mwili ujifunze wenyewe. Seramu, yaani maji ya damu yaliyotengwa na wekundu wake, ni jambo jingine. Humo mna walinzi waliokwisha fundishwa katika mwili wa mwingine, nao hupewa yule asiyekuwa nao bado. Chanjo ni kama kumfundisha mtu kuogelea, na seramu ni kama kumtupia kamba aliyekwisha tumbukia mtoni. Kamba hufaa saa ile ile. Ila ni ya kuazima, na katika muda wa majuma machache hutoweka. Ndiyo maana aliyeumwa vibaya hupewa vyote viwili: seramu ndani ya jeraha na pembezoni mwake imzuie adui asifike kwenye mishipa ya fahamu, na chanjo mahali pengine mwilini, ili walinzi wake mwenyewe wawe tayari wale wa kuazima watakapoondoka.

Elimu hii ilidhihirika mjini Berlin mwaka 1890, kwa mikono ya Emil von Behring, Mdachi, na Shibasaburo Kitasato, Mjapani, walipoona kwamba maji ya damu ya mnyama aliyekingwa na pepopunda yakitiwa katika mnyama mwingine humkinga naye. Baada yake wakafugwa farasi kwa kazi hiyo, kwa ukubwa wa miili yao na wingi wa damu yao, na dondakoo iliyokuwa ikiwanyonga watoto ikapata dawa. Behring akapewa mwaka 1901 tuzo ya Nobel ya utabibu, nayo ilikuwa ya kwanza kutolewa.

Walakini jambo lenyewe ni la zamani kuliko Behring na kuliko farasi. Kila mtoto azaliwaye huzaliwa na kingamwili ambazo hakuzifanya yeye. Mama yake alimpitishia alipokuwa tumboni. Mama aliyechanjwa pepopunda humzaa mtoto mwenye kinga ya pepopunda katika miezi yake ya mwanzo. Kisha humwongeza kingamwili nyingine kwa maziwa ya dang'a, yale mazito ya siku za kwanza, ambayo baadhi ya watu huyakamua wakayamwaga wakidhani ni machafu, na hilo ni kosa lifaalo kukatazwa msikitini. Basi asemaye kwamba kukingwa kwa kinga ya mwingine ni kuingilia kazi ya Mungu, hajatazama alivyoletwa duniani yeye mwenyewe.

Ama udhuru wa najisi, huo una asili, wala Zaidi hakukosea kuuliza. Katika madhehebu ya Imamu Shafi'i damu yenye kumwagika ni najisi, iwe ya mnyama aliwaye au asiyeliwa, na kuwa halali kwa nyama ya farasi hakuifanyi damu yake kuwa safi. Wala mtu asikimbilie kusema kwamba damu hiyo imekwisha geuka kitu kingine kwa kuchujwa viwandani, kwani Mashafi'i wameufunga mlango huo ila kwa vitu vichache, kama mvinyo ugeukao siki wenyewe na ngozi ya mzoga ikidabaghiwa. Wako maulamaa wa madhehebu mengine walioufungua kwa upana, na mwenye kuwafuata ana hoja. Lakini mtu wa pwani hana haja ya kutoka nje kutafuta ruhusa iliyomo ndani ya nyumba yake.

Ruhusa yenyewe ni hii. Watu wa Urayna walipofika Madina wakaugua, Mtume (s.a.w.) aliwaamuru waende kwenye ngamia wakanywe maziwa yao na mikojo yao, na khabari hii imo katika Bukhari na Muslim. Mkojo wa ngamia kwa Mashafi'i ni najisi. Basi maulamaa wakasema kwamba huko kulikuwa kujitibu, na kujitibu kwa najisi kwafaa, ila kwa kileo kitupu, kwa sharti kwamba hapana kilicho safi chenye kusimama mahali pake, na kwamba jambo hilo limejulikana kwa elimu ya utabibu. Imamu Nawawi ameyaeleza haya katika Majmu'. Na ile hadithi yenye maana ya kuwa shifaa haikuwekwa katika vilivyoharimishwa, wameichukulia kwa kileo na kwa mtu asiye na haja.

Je, kipo kilicho safi mahali pa seramu ya farasi? Iko seramu itokayo kwa wanadamu waliochanjwa, nayo ni ghali zaidi, na damu ya mwanadamu pia ni damu. Tangu mwaka 2016 India imeruhusu aina ya tatu, kingamwili zinazofanywa nje ya mwili wa farasi na wa mtu, kwa seli hai zinazolishwa ndani ya mapipa. Na Shirika la Afya Duniani likaikubali njia hiyo katika mwongozo wake wa 2018. Mtu aweza kufurahi kwamba masala ya damu yamekwisha. Akiuliza asili ya seli hizo, mara nyingi ataambiwa ni za mnyama mdogo wa jamii ya panya. Haja, basi, ndiyo inayosimamisha hukumu, kwa farasi na kwa pipa sawasawa. Mwenye hiari kati ya viwili vilivyo sawa kwa manufaa na achague kilicho mbali zaidi na najisi. Mtu wa kijijini hachagui. Hushukuru akipata kimojawapo.

Ya ajabu ni kwamba Zaidi aliogopa najisi ya dawa, na najisi kubwa imekwisha mpata mtoto kwa njia ya mate ya mbwa. Hapo sharia na utabibu zinakutana katika kuosha. Matabibu wanaamrisha jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi yenye kutiririka na sabuni, muda wa dakika 15. Ama udongo wa zile kosha saba, usitiwe katika jeraha bichi, kwani udongo huweza kuleta pepopunda. Sharia imempa mgonjwa rukhsa katika tohara inayomdhuru, naye ataikamilisha kidonda kikiisha pona.

Udhuru wa tawakali ndio mzito. Ule wa kwanza huondoka kwa kufungua kitabu, na huu umo moyoni, tena una wakubwa nyuma yake. Kujitibu kwa Mashafi'i ni sunna, si fardhi. Nawawi amesema kwamba mwenye kuacha dawa kwa tawakali amefanya jambo lenye fadhila. Na yule mwanamke mweusi aliyekuwa akianguka kifafa alikuja kwa Mtume (s.a.w.) kutaka dua, akapewa hiari kati ya kusubiri apate Pepo na kuombewa apone, akachagua kusubiri, ila akataka aombewe asifunuke nguo aangukapo. Ibnu Abbas alikuwa akimwonyesha watu kuwa ni mtu wa Peponi. Basi asemaye kwamba kila aachaye dawa ni mjinga, ujinga umo kwake yeye.

Lakini mwanamke yule alichagua juu ya mwili wake mwenyewe. Tena alikuwa akiishi na maradhi yake, wala hapakuwa na dawa ya yakini aliyowekewa mkononi akaikataa. Katika mambo haya hakuna hata moja lililomo katika masala ya Zaidi.

Imamu Ghazali, naye ni katika wakubwa wa Mashafi'i, amezigawanya sababu za kuondoa madhara katika mlango wa tawakali wa kitabu chake Ihya. Ziko za yakini, kama maji kwa mwenye kiu na mkate kwa mwenye njaa. Ziko za dhana, kama kuumika na dawa zinazojulikana kwa matabibu. Na ziko za wahamu, kama kuchoma kwa chuma cha moto. Akahukumu kwamba kuacha za yakini si tawakali kabisa, bali ni haramu panapohofiwa mauti. Za wahamu, kuziacha ndiko tawakali. Na za dhana, mwenye kuzitumia hakuivunja tawakali yake, wala mwenye kuziacha hakufanya la haramu.

Swali lote, basi, ni kujua seramu imo katika fungu lipi, na hapa ndipo wengi hukosea, maana huliweka jambo katika fungu kwa jina lake. Husikia "dawa", wakasema dawa ni dhana, na dhana si wajibu, wakafunga kitabu. Ghazali hakuyagawa mafungu kwa majina. Aliyagawa kwa elimu. Alikufa mwaka 1111, na dawa nyingi za siku zake zilikuwa za dhana, wala hakusema kwamba kila kitokacho kwa tabibu kitabaki dhana mpaka Kiyama. Kilichojaribiwa kikathibiti huhama fungu lake, na hukumu huhama nacho. Wala hakihami kwa kuwa kinaitwa kingamwili, kwani kingamwili zenyewe zimo katika mafungu yote.

Ulipokuja UVIKO-19 matabibu wa nchi nyingi walichukua maji ya damu ya waliopona wakawatia walio hoi, na matumaini yalikuwa makubwa. Jambo likapimwa. Katika Uingereza wagonjwa zaidi ya 11,000 waligawanywa, wengine wakapewa na wengine wasipewe. Khabari ikatoka mwaka 2021 kwamba wamekufa kama 24 katika kila 100 huku na huku. Huko Mulago, Kampala, walijaribu pia, nao hawakuona faida. Mtu aliyeikataa dawa hiyo hakupoteza kitu.

Kisha itazamwe khabari ya Ebola, nayo imepita katika nchi wasemako Kiswahili. Mwaka 1995 Ebola iliingia Kikwit, katika Kongo, na miongoni mwa wachache waliopona alikuwamo mtu ambaye damu yake ilihifadhi kumbukumbu ya adui yule. Ilipita miaka zaidi ya kumi, akatoa damu yake, na humo ikapatikana kingamwili moja yenye nguvu, ikafanywa kuwa dawa. Na Profesa Jean-Jacques Muyembe wa Kinshasa alikuwa katika walioishughulikia kazi hiyo. Ebola ilipoishika Kongo ya mashariki, dawa hiyo ilijaribiwa Beni, Butembo, Katwa na Mangina tangu Novemba 2018 hata Agosti 2019, pamoja na dawa nyingine tatu. Waliopewa kingamwili za mtu wa Kikwit walikufa 35 katika 100, na waliopewa mchanganyiko mwingine wa kingamwili walikufa karibu na hesabu hiyo. Na katika dawa mbili zilizobaki walikufa kama nusu ya watu. Hiyo ni dhana yenye nguvu. Mwenye akili huitaka, lakini aliyeipata bado aweza kufa, na aliyeikosa aweza kupona. Katika jambo kama hili mtu mzima aliyesema "nasubiri" hahukumiwi kuwa na dhambi, maadamu hawaambukizi wenziwe.

Kichaa cha mbwa si hivyo. Maradhi haya dalili zake zikiisha dhihiri, mgonjwa akaogopa maji na upepo, karibu watu wote hufa, na seramu haimfai tena wala chanjo. Kabla ya dalili, mambo ni kinyume chake. Katika Agosti ya mwaka 1954, huko Uajemi, kijiji kiitwacho Sahneh kiliingiliwa usiku na mbwa mwitu mwenye kichaa, akauma watu 29 kabla hajauawa. Walikuwa watu wa kijiji, kama walivyo watu wa Ruaruke. Wakapelekwa Tehran, katika Taasisi ya Pasteur. Waliojeruhiwa kichwani na usoni walikuwa 18. Watano katika hao walipewa chanjo peke yake, wakafa 3. Waliopewa seramu na chanjo walikuwa 13, akafa 1. Na damu zao zilipopimwa, waliopata seramu walikutwa na kingamwili tangu mwanzo, siku zile ambazo wenzao wa chanjo peke yake walikuwa bado hawana kitu. Tangu hapo Shirika la Afya Duniani limeagiza jeraha baya litiwe seramu pamoja na chanjo, na ikithibiti kwa miaka mingi kwamba aliyeoshwa, akatiwa seramu, akamaliza chanjo kwa wakati wake, ni nadra mno kufa kwa maradhi haya.

Upande mmoja mauti yaliyo karibu na yakini, na upande wa pili kuokoka kulikokaribia yakini, na kati yake siku chache. Kama hili si fungu la mkate kwa mwenye njaa, fungu hilo litakuwa halina kitu ila mkate wenyewe. Tena katika vitabu vya Mashafi'i, hapo waliponakili kwamba kujitibu si wajibu, wakaitaja kauli ya baadhi yao kwamba ni wajibu kwa mwenye jeraha linalohofiwa kumwangamiza. Kauli hiyo iliandikwa karne nyingi kabla ya Behring, na ni kana kwamba imeandikiwa shavu la mtoto huyu.

Na lau Zaidi angeumwa yeye, yangebaki maneno ya kusemezana naye. Aliyeumwa ni mtoto. Tawakali ni kazi ya moyo, na moyo wa mtu haumfanyii mwingine kazi hiyo. Baba hawezi kumswalia mwanawe fardhi yake, sembuse kumtawakalia mauti yake. Mtoto kwa baba ni amana, na mwenye amana hutakiwa kutenda lililo na maslaha. Nawawi katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa madrasa hizi za pwani, amesema kwamba baba na babu wana ruhusa ya kumkata mtoto uvimbe hata kukiwa na khatari, ikiwa khatari ya kuuacha imezidi. Mizani ndiyo hiyo. Baba hakupewa mamlaka hayo ili ayatumie kukaa barazani.

Ama shaka kwamba mbwa huenda hana kichaa, hiyo yafanana na fiqhi, lakini si fiqhi. Kweli asili ya mbwa ni uzima. Lakini mbwa aumaye asipochokozwa, mate yakimtoka, dhana ya maradhi imekwisha shinda asili. Mtu akiambiwa na mmoja mwaminifu kwamba chakula kimetiwa sumu hakili, wala hangoji mashahidi wawili. Na katika maradhi haya anayengoja yakini ataipata, nayo itakuja siku mtoto atakapolia kwa kuona kikombe cha maji. Kama mbwa akijulikana na aweza kufungwa, na atazamwe siku 10; lakini matibabu yaanze hapo hapo, na yakatizwe akionekana mzima.

Iko hofu moja ambayo Zaidi hakuitaja, na haki yampasa itajwe. Mwaka 1901, mjini St. Louis, Marekani, seramu ya dondakoo ilitolewa kwa farasi aliyekuwa na pepopunda, nayo ikawaua watoto 13. Hao walipelekwa kwa dawa na wazazi waliowapenda. Marekani ikatunga mwaka 1902 sheria ya kukagua viwanda vya dawa hizi. Basi maulamaa waliposema tabibu mwaminifu, hawakusema neno la kupamba kitabu. Uaminifu huo leo haumo katika mtu mmoja tu. Umo katika ukaguzi wa kiwanda, na baridi ya sanduku, na tarehe iliyoandikwa juu ya chupa. Anayeuza dawa iliyoharibika akijua, huyo ni mwuaji. Lakini khatari hiyo sasa ni ndogo sana, na katika mizani ya Minhaj haikaribii uzito wa kumwacha mtoto.

Imebaki shida ambayo haimo moyoni mwa Zaidi, nayo ni uchache. Seramu katika nchi hii ni adimu kuliko chanjo. Mwenye kuikosa asirudi nyumbani akisema hapana faida. Kuosha vizuri na kuanza chanjo siku ile ile huokoa wengi, na seramu ikipatikana ndani ya siku 7 tangu chanjo ya kwanza bado yafaa, na baada ya hapo haina haja, kwani mwili umekwisha anza kujitengenezea. Na ikijaaliwa chupa ni moja, na Zaidi amekuja na mtoto aliyeumwa shavuni, na Amri amekuja naye ameumwa mguuni, ni mtu mwenye mali, yu tayari kulipa mara mbili? Apewe mtoto, kwa kuwa jeraha la uso li karibu na ubongo, na adui hana safari ndefu. Mali haina neno hapo. Mwenye dawa asipandishe bei kwa mwenye dharura, na Amri akiisha ambiwa khatari ya mtoto akashikilia haki ya aliyetangulia, ameshikilia haki isiyokuwapo.

Makisio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalisema kwamba watu kama 1,500 hufa Tanzania kila mwaka kwa kichaa cha mbwa. Dawa ya wingi huo haimo hospitali, imo kwa mbwa. Tangu mwaka 2010 ilifanywa kazi ya kuchanja mbwa katika wilaya 28 za kusini mashariki pamoja na Pemba. Pemba maradhi yakatoweka mwaka 2014, yakarudi 2016 palipolegezwa, yakakatwa tena mwaka 2018. Wapemba ni Mashafi'i, wanaosha mara saba kama watu wa Kibiti, na hilo halikuwazuia kuwashika mbwa wao wakawaleta kuchanjwa. Mkulima afugaye mbwa wa kulinda shamba na nguruwe ana ruhusa ya sharia. Lakini aliyemfuga akamwacha bila chanjo, akaja akauma mtoto wa jirani, asidhani kwamba ruhusa ile imemfutia dhamana.

Na siku yenyewe ni Ijumaa. Ikiwa Zaidi ameinuka barazani, mtoto ameoshwa, na pikipiki imekuja, kisha likamjia jambo la mwisho, kwamba kusafiri baada ya alfajiri ya Ijumaa kumekatazwa na swala itampita njiani, basi na ajue kwamba mwenye kuhofia madhara ametolewa katika katazo hilo, na mwenye kumuuguza mgonjwa asiye na mwingine wa kumtazama ana udhuru wa kuacha Ijumaa. Ataswali Adhuhuri Kibiti, mtoto akiisha kupigwa sindano. Wallahu a'alam.